Miezi kumi iliyogeuka sitini

Hesabu yangu ya kwanza niliiandika nyuma ya risiti, nimekaa juu ya katoni ndani ya stoo nilikokuwa karani. Ada ya cheti cha uuguzi, miaka miwili, ilikuwa sawa na mishahara yangu 8. Tangazo la kazi nililokuwa nimelikata gazetini lilisema muuguzi wa ngazi ya cheti anaanzia kiasi ambacho kwangu kilikuwa mshahara mmoja na zaidi ya robo tatu, tuseme 1.8. Maana yake kila mwezi ningepata ziada ya 0.8 juu ya nilichokuwa nakipata stoo. Nane gawanya kwa 0.8 ni kumi. Miezi 10 tu, ada imerudi! Nilikunja risiti ile nikaitia mfukoni kama mtu aliyeokota hela njiani.

Katika simulizi hii nitaendelea kuhesabu hivyo hivyo, kwa mishahara ya stoo. Hela hupanda na kushuka, na ada ya chuo kimoja si ya kingine. Lakini mtu yeyote anajua mwezi mmoja wa kazi yake una uzito gani, na ukishapima kwa kipimo hicho hudanganyiki kirahisi.

Risiti nilimpelekea dada yangu mkubwa, ambaye ni mhasibu. Nilitaka anipongeze. Akaisoma, akageuza upande wa pili kana kwamba hesabu iliyobaki ingekuwa huko, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, na hiyo miaka miwili utakayokaa darasani, atakulipa nani?"

Tukakaa mezani na daftari. Nikaorodhesha kila kitu nilichodhani kitanigharimu: ada, sare, vitabu, chakula, sabuni, nguo za mtoto. Jambo la kwanza alilofanya dada ni kukata. Alikata chakula, sabuni na nguo za mtoto. Nikamshangaa, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakinikosesha usingizi. "Ungebaki stoo ungeacha kula?" aliniuliza. "Gharama ya chuo ni kile ambacho kisingekuwepo kama usingeenda chuo. Hivi vingine ni gharama ya kuishi." Kisha, mahali pale pale alipokata, akaongeza mstari mmoja ambao sikuwa nimeufikiria: mishahara 24 nisiyoipata.

Tuligombana kidogo. Nilimwambia hawezi kunidai hela ambayo sijawahi kuishika. Akajibu, "Mimi sikudai. Atakayekudai ni mwenye nyumba, kila mwezi, na hatajali kwamba uko chuo."

Jioni ile nilielewa kwamba ada, ile namba kubwa inayoandikwa kwenye kipeperushi cha chuo, ilikuwa sehemu ndogo ya gharama yangu. Wengi wanaoniuliza habari za kozi huanza na ada na kuishia hapo hapo. Wanalinganisha chuo hiki na kile kwa tofauti ya mshahara mmoja au miwili, huku ile mishahara 24 ikiwa imekaa kimya pembeni. Kwa kijana aliyetoka shule na hana kazi, mstari huo unaweza kuwa sifuri, na hapo hesabu yake ni nyepesi kuliko yangu mara nyingi. Kwa mama mwenye duka linalomwingizia vizuri, mstari huo peke yake unaweza kuiua safari nzima. Chuo ni kile kile, ada ni ile ile, majibu tofauti kabisa.

Nilikwenda hata hivyo. Mtoto akabaki kwa mama.

Madogo madogo yalikuwa mengi. Sare jozi mbili, viatu visivyotoa sauti, stethoskopu, saa yenye mshale wa sekunde wa kuhesabia mapigo ya moyo, uchunguzi wa afya, chanjo ya homa ya ini aina ya B. Chanjo hiyo huchomwa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, na ni lazima uianze mapema kwa sababu wodini utashika sindano zilizotoka mwilini mwa watu. Vyote hivyo pamoja na vitabu vilimeza mshahara 1.5.

Kilichonishtua zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Tuliambiwa yamo ndani ya ada, na kweli yalikuwemo: msimamizi alikuwepo, kitabu cha kusainiwa kilikuwepo. Kisichokuwemo ni chumba cha kulala mji wa hospitali niliyopangiwa, wala nauli ya kwenda na kurudi. Miezi minne ya mwaka wa pili nililipa kodi sehemu mbili. Ikawa mishahara 2.5. Mtihani wa usajili, ada ya leseni, picha na mihuri: mshahara 1. Na mkopo niliochukua muhula wa tatu, nilipoishiwa, ulirudi na riba ya mshahara 1. Jumlisha na ada: taslimu iliyotoka ni mishahara 14.

Kwenye ile mishahara 24 nilipunguza kidogo. Likizo zote nilirudi stoo kufanya kazi ya kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka, na bosi wangu wa zamani, Mungu ambariki, alinilipa vizuri. Nikarudisha mishahara 3. Kwa hiyo nilichokipoteza ni 21. Daftari likasoma 35.

Nilidhani tumemaliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuhusu kipindi cha katikati, kati ya kuvua sare ya mwanafunzi na kuvaa ya mwajiriwa. Kwangu kilichukua miezi 7. Miwili ilikwenda kusubiri matokeo na leseni, na bila leseni huruhusiwi kumgusa mgonjwa hata kama ulipata alama za juu kuliko wote. Mitano ilikwenda kutafuta kazi. Katika hiyo mitano, mitatu nilijitolea kwenye hospitali moja bila malipo, nikitumaini nafasi ikitokea wataniangalia kwanza. Nafasi ilitokea. Wakamchukua mwingine.

Miezi ile ndiyo iliyoniumiza kuliko mingine yote. Ukiwa mwanafunzi watu wanakuelewa: "Anasoma, ngoja amalize." Ukimaliza, kila anayekudai anaamini una hela. Riba haikusubiri leseni. Mama alianza kuuliza kwa upole wa kutisha, "Kwani huko hospitalini hawaajiri?" Na mimi nilikuwa nashinda humo humo hospitalini, nikiona kwa macho yangu kwamba wauguzi hawatoshi.

Hapo ndipo nilipoanza kutofautisha maneno mawili niliyokuwa nayachanganya: uhaba na ajira. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na bado ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Takwimu za aina hiyo ndizo vyuo hupenda kuzibandika ukutani: taaluma isiyokosa kazi! Lakini uhaba huhesabiwa kwa wagonjwa wanaohitaji kuhudumiwa. Ajira huhesabiwa kwa bajeti ya anayelipa mishahara. Wodi inaweza kuwa na wagonjwa wengi na muuguzi mmoja, na nje ya geti wakasimama wauguzi kumi wenye leseni, kwa sababu tu hakuna fungu la kuwalipa. Hali zote mbili zinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana. Kama ningelijua hilo, nisingekiuliza chuo "wauguzi wanahitajika?" Ningewatafuta wahitimu wa miaka miwili iliyopita, watano au sita, niwaulize swali moja tu: ulikaa miezi mingapi kabla ya mshahara wa kwanza? Chuo chenyewe hakina sababu ya kukuwekea takwimu hiyo, na sikilaumu. Kazi yake huisha siku ya mahafali.

Mishahara 7 mingine ikaingia daftarini. Jumla: 42.

Kisha kazi ikaja, na pamoja nayo hati ya kwanza ya mshahara. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena nimekaa. Ile 1.8 ya tangazo ilikuwa mshahara ghafi. Mshahara wangu wa stoo niliokuwa nikiutumia kama kipimo ni ule wa mkononi, ulioshafika mfukoni. Nilikuwa nimelinganisha embe bichi na embe lililokwisha menywa. Baada ya kodi, pensheni, bima na mchango wa chama cha wafanyakazi, nilibaki na 1.6. Posho za zamu za usiku ziliongeza 0.1. Ziada yangu ya kweli juu ya stoo ikawa 0.7 kila mwezi.

Dada aligawanya: 42 kwa 0.7. Akaandika 60, akaizungushia duara, akaniangalia bila kusema neno. Miaka mitano ya kufanya kazi kabla sijarudi pale nilipokuwa nimekaa juu ya katoni. Risiti ilisema miezi 10.

Kuna watu nikiwahadithia hadi hapa hudhani nasema wasisome uuguzi. Sikusema hivyo. Miaka mitano kwa kazi ambayo mtu ataifanya ishirini au thelathini si mibaya. Baada ya hapo ile 0.7 ni yako. Na dada mwenyewe alikuwa wa kwanza kunisahihisha nilipoanza kulialia: pensheni si hela iliyopotea, ni hela iliyolala, na stoo hawakuniwekea hata senti. Mshahara nao umepanda kidogo kila mwaka, ingawa hilo sikulitia kwenye hesabu, kwa sababu karani aliyenirithi stoo naye ameongezewa. Ninachosema ni kwamba aliyejiandaa kwa miezi 10 akakutana na 60 ataichukia kazi, na wagonjwa watajua.

Kuna mambo ambayo hayakuingia kwenye safu za namba, na sijui niyaweke wapi.

Saa, kwa mfano. Stoo nilifanya saa 48 kwa wiki, kusimama na kubeba. Hospitali ni saa 40 kwenye karatasi, lakini zamu haiishi saa inapogonga; inaisha ukishamkabidhi mwenzako mgonjwa mmoja mmoja, dripu ipi imebaki kiasi gani, nani hajapata haja ndogo tangu asubuhi. Kwangu hiyo ni nusu saa kila siku, na hailipwi. Hata ukiijumlisha, kwa saa moja ya kazi bado nimepata nafuu kubwa kuliko stoo. Hilo lilinifurahisha hadi nilipoanza kukesha. Kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka kazi ya zamu zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani mwaka 2007, na kikaurudia uamuzi huo kwa kazi ya usiku mwaka 2019. Naitaja si kwa kutisha watu; naitaja kwa sababu posho ya usiku niliyokuwa nikiihesabu kama faida nilianza kuiona kama bei. Mwajiri ananunua kitu changu usiku ule, na hajanunua kwa bei kubwa.

Jambo lingine ni idadi ya wagonjwa. Mwaka wangu wa pili kazini hospitali nyingine, ya binafsi, iliniita. Mshahara wa 2.0, mkononi. Kwa ziada ya 1.0 ile miezi 60 ingepungua vizuri. Nilikwenda kuangalia wodi usiku, nikijifanya nimekuja kumwona ndugu. Muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wasiopungua ishirini, na macho yake hayakutua mahali. Nilikuwa nimesoma chuoni utafiti mmoja uliofanywa kwenye hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ukachapishwa mwaka 2002: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya muuguzi aliongeza uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 7, na wauguzi wenyewe walichoka na kuikinai kazi. Tuliusoma kama swali la mtihani. Usiku ule ulikuwa na sura. Nikabaki nilipo. Dada alisema nimekataa hela, na ni kweli. Lakini leseni yangu ndiyo stoo yangu sasa, na kosa moja la dozi saa tisa usiku lingeweza kuifunga.

Niseme na habari ya mwenzangu mmoja, kwa sababu yake ni mbaya kuliko yangu. Alilipa ada kwenye chuo kingine, nafuu kuliko chetu kwa mishahara 3, na alimaliza kabla yangu kwa mwaka mzima. Alipokwenda kujiandikisha kwa mtihani wa usajili akaambiwa kozi yake haitambuliki kwa ngazi hiyo. Cheti chake kilikuwa cha msaidizi wa muuguzi. Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Neno "uuguzi" lilikuwepo juu ya cheti kwa herufi kubwa. Leo anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anaipenda, ila analipwa chini ya mshahara wangu wa stoo na hana ngazi ya kupanda. Neno "cheti" limebeba mizigo mingi mno. Marekani, sheria ya shirikisho inataka msaidizi wa muuguzi apate mafunzo ya angalau saa 75. Umoja wa Ulaya unamtaka muuguzi wa huduma za jumla awe amesoma angalau miaka mitatu na saa 4,600, nusu yake au zaidi zikiwa za vitendo. Wote wawili wakirudi nyumbani wataonyesha cheti. Kabla hujalipa hata ada ya fomu, nenda kwenye baraza linalosajili wauguzi, si chuoni, uulize: nikimaliza kozi hii katika chuo hiki, nitakaa mtihani gani, na nitaandikwa kwenye daftari lipi? Jibu ulipate kwa maandishi.

Saa hizo 4,600 ziliniulia ndoto nyingine kimya kimya. Nilipoanza nilikuwa na wazo, kama wengi wetu, kwamba nikishapata leseni nitaruka ng'ambo. Karibu muuguzi mmoja kati ya saba duniani anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa, na katika nchi tajiri ni karibu mmoja kati ya wanne. Nilijihesabu kati ya hao mapema mno. Cheti changu cha miaka miwili hakifiki mlangoni. Wanaopita ni wa diploma na shahada. Kwa hiyo yeyote anayeweka mshahara wa ng'ambo kwenye safu ya mapato ya cheti ameazima namba ya mtu mwingine.

Leo niko mwezi wa 52 kati ya 60, na juzi daftari limefunguliwa ukurasa mpya. Diploma. Cheti changu kinatambuliwa, kwa hiyo nitasamehewa mwaka wa kwanza na kusoma miwili iliyobaki. Hesabu ya zamani ingesema: ada mishahara 9, na mishahara 40 nisiyoipata, maana sasa kukaa nje ya kazi kunanigharimu zaidi kuliko nilipokuwa karani. Nilipoona 40 nilitaka kulifunga daftari.

Ila safari hii kuna mlango wa pembeni. Mwajiri wangu ana nafasi chache za kusoma huku ukilipwa mshahara wa msingi, na sharti lake ni kwamba ukimaliza utatumikia hospitali hiyo hiyo miaka mitatu, au urudishe hela. Si jambo jipya. Shule ya Florence Nightingale, mama anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, ilipofunguliwa London mwaka 1860, katika hospitali ya St Thomas, wanafunzi hawakulipa ada: walipewa chumba, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka za matumizi, nao wakaahidi kufanya kazi hospitali watakazopelekwa kwa miaka kadhaa. Yule mama alikuwa mtu wa takwimu, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa jumuiya ya wanatakwimu ya London mwaka 1858, na nadhani alijua vizuri kwamba mstari unaoua safari ni ule wa mshahara unaokosekana. Ukiondoa huo, ile 40 inatoweka na kinachobaki ni ada, vitabu na posho za usiku nitakazozikosa. Naye mwajiri wangu anachoondoka nacho ni miaka mitatu ya uhuru wangu wa kuhama.

Nilimuuliza dada hiyo miaka mitatu niiandike mishahara mingapi. Alifikiri sana, mtu ambaye huwa hafikiri sana mbele ya namba. Akasema niiandike sifuri kama napanga kubaki, na niiandike yote kama napanga kuondoka, na kwamba hilo si swali la mhasibu.

Fomu iko mezani. Nimejaza jina, namba ya leseni na tarehe ya kuajiriwa. Sehemu ya mdhamini bado ni tupu, na dada ameshaniambia kalamu yake ina wino.